KURUNDIKA SI KUTUNZA



Najua nimepotea hapa wiki tatu nzima. Testi zilinibana, bumu likachelewa, laptopu ikaanza kuzima yenyewe, basi ikawa balaa juu ya balaa. Leo Jumapili hosteli imetulia, wa kufua wanafua, wa kulala wamelala, nikaona ngoja nitoe dukuduku lililonikaa kooni tangu Jumatano. Nawaonya mapema kwamba nitaudhi watu. Na safari hii siwagombezi wale wa "tupa hiyo takataka". Wao zamu yao ipo, ila fupi. Leo nawagombeza wenzangu, sisi tunaojiita wapenzi wa kompyuta za zamani.

Chanzo ni picha. Jumatano usiku mshikaji wangu mmoja wa mwaka wa tatu (jina nalihifadhi, namdai elfu kumi na sitaki anikimbie) alinionyesha kwenye simu chumba cha nyumbani kwao. Kompyuta zimepandana mpaka karibu na dari. Monita za chogo zimekaa juu ya CPU, CPU juu ya printa, printa juu ya gunia la sijui nini, waya zinaning'inia kama mizizi ya mikoko. Na mwenyewe anachekelea. "Mwana, mashine thelathini hizi, zote za miaka ya tisini. Natunza historia." Waliokuwepo wakamsifia, mmoja akaomba agawiwe.

Nikamuuliza maswali matatu tu. Ipi kati ya hizo inawaka? Hajui. Umetoa betri kwenye ngapi? Akanishangaa, betri gani, kwani hizi laptopu? Haya, zimeorodheshwa wapi? Akacheka, akajigonga kichwani kwa kidole. "Humu."

Jamani! Kama ni hivyo, hakuna historia inayotunzwa pale. Inazikwa. Tofauti na makaburi mengine ni kwamba hili lina mlango na kufuli.

Akakasirika, akasema mimi najifanya profesa. Sasa nieleze kwa nini nilipandisha hasira kiasi kile, maana si kawaida yangu.

MASHINE YA BABA

Nyumbani kwetu ni Tanga. Marehemu baba alikuwa na duka la stesheneri mjini, enzi zile stesheneri ina maana kweli. Barua za kuomba kazi, kadi za harusi, risala za mgeni rasmi, mihutasari ya vikao vya ushirika, yote anachapa yeye. Alikuwa na 486 yenye WordPerfect 5.1, na printa ile ya sindano na utepe inayolia kama cherehani. Duka lilifungwa mwaka 2004 na mashine ikaletwa nyumbani. Baba akafariki 2009 nikiwa mdogo, sina kumbukumbu nyingi, ila ule mlio wa printa ninao mpaka leo.

Mama hakuitupa. Naomba mzingatie hapo. Kila mwaka wanunuzi wa vyuma chakavu walipita na mikokoteni yao, kila mwaka mama aliwajibu, "Hicho cha baba yao, hakiuzwi." Kikafunikwa na shuka, kikawekwa stoo, chini, sakafuni, pembeni ya mkaa. Tulijiona watunzaji wazuri kweli. Mgeni akija anaambiwa, kompyuta ya marehemu ipo, tumeitunza.

Sasa, baba alikuwa anachapa historia ya ukoo wetu. Mama anasema alikuwa anakaa na bibi jioni, bibi anasimulia, yeye anaandika kwenye daftari, kesho yake dukani wateja wakipungua anaingiza kwenye kompyuta. Tulitokea wapi, nani alimuoa nani, shamba lile liliuzwa vipi, kwa nini tawi fulani la ukoo halisemezani na sisi. Daftari lenyewe halionekani. Bibi naye ameshatangulia mbele ya haki.

Likizo iliyopita nikaenda na bisibisi zangu na mbwembwe zangu zote za kusoma IT. Nikamwambia mama, leo nakufungulia ya baba. Akavuta kigoda akakaa.

Nilipofungua kava nikaona kijani. Si kijani ya bodi, hii ni ile ya shaba iliyoliwa, unga unga kama kuvu ya mkate. Kwenye mazabodi za miaka ile, 386 na 486 nyingi, kuna kibetri cha mviringo kama pipa dogo, mara nyingi cha bluu, kimechomelewa palepale kwenye bodi. Ni cha nikeli na kadimi. Kazi yake kushika saa na mipangilio wakati mashine imezimwa. Mashine ikitumika kinachajiwa. Ikikaa miaka bila kuwashwa, kinakufa, na kikifa kinavuja. Kinachovuja ni alkali, na ile alkali haikai mahali pamoja. Inatambaa kwenye njia za shaba, inapanda kwenye miguu ya chipu, inaingia kwenye soketi ya kibodi, inakula. Ya baba ilikuwa imekula robo nzima ya bodi.

Kibetri kile kinakatwa na koleo kwa dakika mbili. Dakika mbili, wadau! Tulikuwa na miaka.

Nikasema potelea mbali bodi, muhimu ni hadidiski. Naangalia kwenye nafasi yake, hakuna kitu. Kuna bahasha ndogo yenye skrubu nne. Mtu aliitoa, kwa ustaarabu kabisa, skrubu akaziweka pamoja, halafu hakuandika popote ameipeleka wapi. Mama anadhani mjomba. Mjomba anadhani fundi wa barabara ya kumi na mbili. Fundi alishahama. Ndani ya nyumba nikaokota hadidiski tatu zisizo na jina, moja ilikuwa inazuia mlango wa jikoni usijifunge. Mbili hazizunguki kabisa. Ya tatu inalia tak tak tak, basi.

Zikabaki disketi. Nilihesabu 47, kwenye mfuko wa nailoni, zimelala moja juu ya nyingine. Zenye maandishi zilikuwa tano. Nyingi zina madoa meupe ya kuvu juu ya ile sahani ya ndani. Nilinunua kisomeo cha disketi cha USB, nikasafisha zile zilizoonekana na nafuu, nikasoma moja moja usiku kucha. Zikakubali tisa. Nane ni barua za watu na kadi za harusi. Ya tisa ina faili linaitwa UKOO2.

LibreOffice ililifungua. Kurasa nane. Inaanza katikati ya sentensi.

Nilimsomea mama zile kurasa nane mpaka mwisho. Alipomaliza kusikiliza akauliza, "Na ya kwanza iko wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Sasa niambieni, nani aliua UKOO1? Si mnunuzi wa vyuma chakavu, huyo tulimfukuza kila mwaka. Si serikali, si Wachina, si umaskini. Ni sisi watunzaji. Tulikilinda kitu dhidi ya wezi na tukakiacha na adui aliyekuwa ndani ya kava. Ndiyo maana Jumatano nilipoona ile picha ya mashine thelathini sikuona utajiri. Niliona vibetri thelathini.

WALE WA "TUPA HIYO TAKATAKA"

Najua mpo mnaosoma na kusema, si ndiyo maana tunasema tupeni tu. Rumeti wangu ni kiongozi wenu. Ana hoja moja: kompyuta ni chombo, kikizeeka kinabadilishwa, hakuna anayetunza jembe lililoisha.

Jembe halina kitu ndani yake, kaka. Hiyo ndiyo tofauti.

Mfano wa kusoma darasani kabisa. Mwaka 1086 mfalme wa Uingereza aliandikisha nchi yake, nani ana shamba gani, nani ana ng'ombe wangapi, kikatoka kitabu kinaitwa Domesday. Bado kinasomeka. Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, BBC wakasema tufanye cha kisasa. Watu zaidi ya milioni moja wakashiriki, wanafunzi wa shule wakaandika habari za vijiji vyao, zikawekwa kwenye diski kubwa za leza zinazosomwa na kompyuta ya BBC Master na mashine maalumu ya kuchezea diski. Haikupita hata miaka ishirini, ikawa taabu kupata mashine nzima ya kuzisoma. Mwaka 2002 ikabidi wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watengeneze programu ya kuiga ile mashine ya zamani ili data isipotee. Na ili uige mashine lazima uwe nayo mahali, inawaka. Ngozi ya mnyama ilishinda miaka 900, teknolojia ya kisasa ikaanza kuyumba baada ya 15.

Kwetu je? Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta, ICT 1500, mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Yaani sisi ni nchi ambayo kompyuta ziliwahi kuwa mali ya kuzuiwa bandarini! Watu wazima wanaokumbuka hayo wanaondoka mmoja mmoja. Au tuje karibu zaidi, mwaka 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, menyu zote Kiswahili. Hii si historia ya Wazungu, ni yetu, lugha yetu ndani ya mashine. Nani kati yenu ana CD yake? Nani ana kompyuta ya wakati ule ya kuiendesha kama ilivyokuwa? Nimeuliza darasani kwetu, watu 60 na kitu, wengi hata hawajawahi kuisikia.

Kwa hiyo wa "tupa" nimewajibu. Ila nawapa heshima moja. Wao ni wakweli. Wanasema hawataki na hawana. Sisi tunasema tunataka, tunavyo, halafu vinaoza mikononi mwetu huku tunapigiwa makofi.

Hata hapa chuoni. Kuna ofisi moja, siitaji, ilitoa kompyuta zake za zamani ikaziweka kibarazani "kwa muda". Mvua za masika zikazikuta pale. Nilipouliza nikajibiwa kwamba zimehifadhiwa zikisubiri utaratibu. Utaratibu ulipofika zikauzwa kwa kilo. Wanafunzi tulilaani sana, mimi mwenyewe nililaani kwa sauti. Kisha nikarudi chumbani nikachungulia uvunguni kwangu, nikanyamaza.

UVUNGUNI KWANGU

Ndiyo, na mimi nilikuwa mrundikaji. Uvunguni nilikuwa na CPU nne, kibodi saba, monita moja ya chogo iliyolalia shingo, mfuko wa kadi za ramu zimechanganywa na misumari, na waya za kutosha kuanikia nguo za hosteli nzima. Rumeti alishaniambia, "Mzee, chagua. Mimi au makaburi yako." Nikamwona mshamba.

Baada ya Tanga nilitoa vyote. Niliweka kila kitu sakafuni siku nzima, watu wanaruka wakipita. Nikajiuliza kwa kila kimoja: ni nini, kimetoka wapi, kina hali gani, nakiweka ili iweje? Kilichokosa majibu ya maswali mawili kikaondoka. Nusu iliondoka. Nyingine nikampa fundi anayehitaji vipuri, nyingine kwa jamaa anayefundisha vijana kufungua na kufunga. Zilizobaki zinakaa kwenye maboksi mawili na uvungu una nafasi ya viatu. Rumeti siku hizi ananisalimia vizuri.

Msimamo wangu ndio huo: UNACHOMILIKI NI KILE UNACHOWEZA KUKITAJA NA KUKIPATA. Vingine vyote umevikalia tu. Mashine tatu zenye kumbukumbu zinazidi thelathini zenye kufuli.

Najua mtasema, haya, profesa, tufanye nini sasa? Sina pesa ya kiyoyozi na nyinyi hamna. Haya hapa ninayofanya, hakuna hata moja linalozidi bajeti ya chipsi mayai za wiki.

Kwanza betri. Kabla hujafanya lolote, kabla hata ya kufuta vumbi, fungua kava utafute betri. Ile ya pipa dogo, ikate au ichomoe. Ila kabla ya kuitoa, kama mashine bado inawaka, ingia kwenye mipangilio yake uandike kwenye karatasi idadi ya silinda, vichwa na sekta za hadidiski. Mashine nyingi za zamani zikikosa betri zinasahau hayo, na bila hayo hadidiski nzima itaonekana mbovu. Kama imeshavuja, siki nyeupe kwa mswaki laini inaituliza ile alkali, kisha maji safi, kisha spiriti, kisha ikauke vizuri kabisa. Macintosh za mwisho wa miaka ya themanini na mwanzo wa tisini zina betri ya lithiamu kama nusu ya betri ya tochi, hiyo nayo ikivuja inaharibu kila kitu. Vidonge bapa kama sarafu vina nafuu, lakini visikufanye ulale.

Pili, usiichomeke kwenye umeme ili "kuona kama inawaka". Naomba sana. Mashine iliyolala miaka 20 haiamshwi kwa kofi. Kapasita zake zinazeeka hata zikiwa zimelala. Mazabodi za karibu mwaka 1999 mpaka 2007 zina sifa mbaya, angalia vichwa vya kapasita, vikivimba kama maandazi ujue zimekwisha. Na zile za zamani zaidi, mfano BBC Micro ya mwaka 1981, pawa saplai yake ina kapasita za karatasi ambazo ganda hupasuka, zinanyonya unyevu, siku ukiziwasha zinafuka moshi unaonuka chumba kizima. Fungua, tazama, ndipo uamue.

Tatu, unyevu. Hapa ndipo vitabu vya ughaibuni vinapotuacha. Wao wanasema unyevu wa hewa uwe kama asilimia 40 hadi 50. Sisi wa pwani, Tanga, Dar, Mtwara, Mombasa, Unguja, hewa yetu ni maji ya chumvi. Huwezi kuishinda, unaweza kuikwepa. Usiweke kitu juu ya sakafu ya saruji, sakafu inapumua maji, inua hata kwa mbao mbili au chaga za kitanda. Usiweke darini chini ya bati, pale mchana ni oveni. Usiegemeze kwenye ukuta wa nje. Chumba cha katikati ya nyumba ndicho bora. Na ukitumia boksi la plastiki lenye mfuniko, funga siku kavu, Julai au Agosti, ukiwa umetia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Ukifunga wakati wa masika, umefungia masika humo humo ndani.

Nne, ukaaji. Monita ya chogo isilalie shingo, uzito wake wote uko mbele kwenye kioo, kwa hiyo isimame kawaida au kioo kilale juu ya kitambaa kinene. Na usiifungue kama hujafundishwa, ndani inaweza kushika umeme hata ikiwa imechomolewa. Kadi na ramu ziingie kwenye mifuko ya kuzuia umeme tuli, si rambo. Disketi zisimame wima kama vitabu, mbali na spika. Usifunge waya kwa rababendi, zinayeyuka na kugandia. Sponji nazo zikizeeka zinakuwa gundi, tumia kitambaa cha pamba. Jua la dirishani linageuza plastiki kuwa njano, funika.

Tano, na hili ndilo lililoniua mimi: MAANDISHI. Kila kitu namba yake. Usibandike selotepu kwenye mashine yenyewe, inaacha gundi ya milele, tumia kikaratasi kigumu na uzi kama wa mzigo wa basi. Namba hiyo iingie kwenye daftari: ni nini, ilikuwa ya nani, niliipata lini, hali yake, betri imetoka au haijatoka, iko boksi gani. Adapta ya umeme ikae na mashine yake na iandikwe namba ileile, adapta isiyo yake inaweza kuunguza mashine. Ukitoa kipuri, andika kimekwenda wapi na kwa nani, HATA KAMA NI KWA DAKIKA TANO. Daftari liwe la karatasi. Ukibaki nalo kwenye simu tu, siku simu ikiibiwa Mwenge unarudi pale pale kwa "humu kichwani".

Na disketi zisomwe leo, si utakapopata nafasi. Kisomeo cha USB kinatosha kwa zile ndogo za inchi tatu na nusu. Nakili kwenye flashi mbili, moja kaa nayo, nyingine mpe mtu usiyekaa naye nyumba moja. Sony waliacha kuuza disketi Japani mwaka 2011, na wao walikuwa wa mwisho mwisho. Kila mwaka zinazosomeka zinapungua.

"MAMBO YA WAZUNGU HAYO"

Kuna hoja nimeizoea: kuorodhesha orodhesha ni mambo ya Wazungu wenye muda. Hehehe. Mwaka 2015 kule California mama mmoja aliyefiwa na mumewe alisafisha gereji, akapeleka maboksi ya vifaa chakavu kwa wachakataji, akaondoka bila hata kuacha jina. Baadaye ndani ya boksi ikakutwa Apple-1, ikauzwa dola 200,000, wakabaki kumtafuta wampe nusu yake. Mwaka mmoja kabla yake, Apple-1 nyingine iliuzwa mnada kwa dola 905,000. Kwa hiyo na Wazungu wanarundika vizuri tu. Marehemu alijua alichonacho. Hakuandika. Kikaratasi kimoja na uzi vingetosha.

Na msianze kuota mapesa, 486 ya mzee wako haina bei hiyo. Mimi ningetoa hela kununua kurasa za UKOO1, na hakuna mnada unaoziuza.

Wengine mtasema mama yenu hapendi fujo nyumbani. Mama yuko sahihi! Mama hachukii historia, anachukia mende. Mpe maboksi mawili safi yenye majina uone kama atalalamika. Mama yangu sasa ndiye anayeshika daftari la nyumbani. Ameandika mwenyewe kwa mwandiko wake, namba moja: "Kompyuta ya Baba. Imekufa. Haitupwi." Nimemwacha, ameandika ukweli na amejua anachokitunza.

Kwa mshikaji wangu wa mashine thelathini: sikujifanya profesa. Niko tayari Jumamosi hii kuja kwenu Kigamboni na koleo, siki na daftari jipya. Nauli yangu mwenyewe. Tutafungua zote, tutatoa betri zote, tutaandika zote, na zisizo na sababu ya kuwepo tutaziaga kwa heshima. Ukibakiwa na kumi nitakuita mtunzaji mbele ya darasa zima. Ukikataa, endelea kuonyesha watu picha, maana muda si mrefu picha ndiyo itakayobaki.

Na ninyi wengine, kabla ya Jumapili ijayo, toeni kitu kimoja uvunguni. Kimoja tu. Fungueni kava, mtazame kama kuna kijani.

Mimi bado nina disketi 38 zisizosomeka, nimezisimamisha wima kwenye boksi la viatu, kila moja na namba yake. Namba 1 mpaka 21 nimeshajaribu mara mbili. Leo usiku naanza ya 22, umeme ukiwepo.

Nawasilisha.